Ndimi za Bibi Kalunde

Juzi jirani yangu hapa Kongowe ya Kibaha alikuwa anakaanga korosho nyuma ya nyumba yake, kwenye bati lililotobolewa kwa misumari. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi sare ya kazi. Upepo ukaleta ule moshi mzito wenye mafuta, unaokwangua koo na kutoa machozi, na kabla sijafikiri lolote kiganja changu kilikuwa kimekwenda mdomoni chenyewe. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, muuguzi ninayeamkiwa shikamoo huko mitaani, nimesimama mbele ya meza ya pasi nimeziba mdomo. Nikautoa ule mkono taratibu, nikaanza kucheka peke yangu. Mume wangu akaniuliza nina nini. Nikamwambia ni moshi.

Haukuwa moshi tu. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa Masaki, kumzika Bibi Kalunde. Nikisema Masaki watu hudhani ile ya Dar, ya ghorofa na mabalozi. Yetu iko Kisarawe, ya mihogo, mikorosho na magunia ya mkaa kwenye bodaboda. Pale msibani nilifanya jambo ambalo nililiogopa tangu nikiwa na miaka kumi, na nitakusimulia, ila siwezi kuanzia mwisho. Ukianzia mwisho utaniona mwendawazimu, kama baadhi ya vijana walivyoniona siku ile.

Bibi Kalunde alikuwa Mnyamwezi. Aliletwa Masaki na ndoa, mume akafa mapema, yeye akabaki na binti yake Mwanaidi kwenye nyumba ya mwisho kabla ya njia ya shule. Sisi ni Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Wewe wa rika langu uliyekulia huku unajua, lakini watoto wetu wa leo wanadhani utani ni vichekesho vya kwenye simu. Mtani anaweza kuingia kwako akaondoka na kuku, akakuita mvivu mbele ya wakwe zako, na huruhusiwi kununa. Msibani ndiyo usiseme. Anavaa kanga ya marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea, anakaa mlangoni anazuia jeneza mpaka apewe chochote, hata punje ya mahindi. Na watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Msiba wa kwetu ambao watani hawakuja ulikuwa ukisemwa mwaka mzima, kwamba fulani alizikwa kimya, maskini, kama hakuwa na watu.

Tatizo ni moja. Hakuna mtu mzima anayemkalisha mtoto chini akamweleza utani ni nini. Unaachwa uelewe mwenyewe, siku utakapoelewa. Mimi nilichelewa.

Nilikuwa na miaka sita hivi, meno ya mbele yameng'oka, na mdomo haufungi. Bibi Kalunde aliniita Kasuku. Nilikuwa napenda kwenda jikoni kwake kwa sababu alikuwa akibangua korosho na zilizovunjika zilikuwa zangu. Alikaa kwenye kigoda, jiwe mkono mmoja, kisu kifupi chenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli kando ya mguu, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, weusi usiotoka kwa sabuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Kasuku. Umekuja na domo lako?"

"Nimekuja nalo. Bibi, kwa nini vidole vyako vyeusi? Bibi yangu amesema nyinyi Wanyamwezi ni wapagazi. Mpagazi ni nini? Na kwa nini mumeo alikufa?"

Akaweka jiwe chini. Akakiokota kile kisu, akanielekeza nacho juu.

"Unaona kule?"

Juu ya mafiga, kwenye moshi, kulikuwa na kamba ya katani iliyofungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Ilikuwa imetungwa vitu vyembamba, vimekunjamana, rangi ya damu iliyokauka, vimechongoka upande mmoja. Vilikuwa vingi. Nilikuwa nimevipita kila siku bila kuviangalia.

"Zile ni ndimi za Wazaramo," akasema. "Mzaramo mwenye maneno mengi akipita hapa nakata, natunga, nakausha. Ule mkubwa wa mwisho, ule wa babu yako."

Alisema bila kucheka hata kidogo, maana mtani mzuri hacheki. Akarudi kwenye korosho zake. Mimi nilibaki nimeangalia ule wa mwisho. Babu yangu alikufa nikiwa mchanga, na juu yake nilijua jambo moja tu ambalo bibi alilirudia mara kwa mara: kwamba alikuwa msemaji wa Masaki nzima, shughuli haianzi yeye hajasimama, na kwamba mwaka wake wa mwisho duniani hakutoa neno hata moja. Ulikuwa ni ugonjwa wa kiharusi, lakini hilo mimi sikulijua. Nililojua ni kwamba babu alikuwa akisema, halafu hakusema tena, na sasa nimeonyeshwa sababu.

Nilikwenda mbio nyumbani. Bibi yangu alikuwa anatwanga kisamvu.

"Bibi, ni kweli Bibi Kalunde alimkata babu ulimi?"

Bibi alicheka mpaka akaegemea mchi. Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Kakwambia nani, yule Mnyamwezi? Basi kama kasema mwenyewe, ujue ni kweli. Na wewe kaa naye mbali na hilo domo lako." Akaendelea kutwanga.

Sasa niambie, mtoto wa miaka sita angefanya nini? Nilikuwa nimeuliza mtu mmoja niliyemwamini kuliko wote duniani, naye amethibitisha. Kila asubuhi kabla ya kuosha uso nilikuwa nachukua kipande cha kioo ambacho baba alinyolea ndevu, natoa ulimi, naukagua mpaka shina, kisha naurudisha. Njia ya shule ilikuwa moja tu na ilipita mlangoni kwake. Nilikuwa navuta pumzi kwenye mkorosho wa mwisho, naziba mdomo kwa kiganja, napita. Akiniita, "Kasuku, hujambo leo?", nilipiga goti bila kutoa sauti na kuondoka. Nikianza kusikia ule moshi kwa mbali tu, mkono ulikuwa ushapanda.

Watu wazima waliona. Walisema mtoto ametulia siku hizi, ana adabu, amelelewa. Mama alinisifia kwa wageni. Woga wangu ukawa tabia njema, na hakuna aliyeniuliza.

Shuleni ndiko nilikoachia mdomo. Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, moshi wa Bibi Kalunde haufiki, na huko nilisoma kwa sauti, nikaimba, nikabishana, nikawa ndiye mimi mwenyewe kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Ndiyo maana nilipokuwa darasa la nne Mwalimu Rehema alinichagua nisome risala. Kama ulisoma shule ya msingi unajua uzito wake. Ni mahafali ya darasa la saba, wazazi wote wapo, mgeni rasmi amekaa kwenye kochi lililoazimwa, na mtoto mmoja anasimama kusoma risala ya wanaobaki kwa wanaoondoka. Mtoto huyo atakumbukwa mpaka akiwa mzee, vyovyote itakavyokuwa.

Mwalimu Rehema alikuwa na sauti yake ya sherehe. Darasani alisema kama watu, lakini akishika kipaza sauti maneno yalikuwa yanapanda juu, yananing'inia, kisha yanashuka polepole. "Nduuugu mgeni rasmi." Aliniandikia risala kwenye fulskepu, akanisimamisha mbele ya ubao.

"Usisome kama unavyoongea kwenu," akasema. "Nani atakusikiliza? Vuta. Pandisha. Kifua mbele."

Nikajaribu kwa sauti yake. Ikatoka vizuri mno, na darasa zima likaangua kicheko kwa sababu nilikuwa Mwalimu Rehema mtupu. Mwenyewe alifurahi. "Hapo sasa," akasema.

Jioni nilimwambia baba. Baba alikuwa anachoma mkaa, mtu wa maneno machache sana, ambaye kwenye mikutano ya kijiji alikaa nyuma na kunyoosha mkono wakati wa kupiga kura tu.

"Wewe ndiye utasoma? Mbele ya watu wote?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu mzee afariki hakuna mtu wa nyumba hii aliyesimama kusema." Kisha akaongeza, "Babu yako angefurahi."

Mpaka wakati huo nilikuwa nimewaza makofi tu. Sasa nilimwaza babu, na nikakumbuka kwamba akina mama wa kijiji ndio wapishi wa mahafali, na mpishi mkuu wa pilau wa Masaki ni Bibi Kalunde. Angekuwepo. Angenisikia nikisema, si neno moja, bali karatasi mbili mbele na nyuma. Niliwaza kumwambia mwalimu naumwa. Lakini ningekaa kimya baba angerudi nyuma ya mkutano na kukaa pale maisha yake yote, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwona akisimama wima kidogo alipomtaja babu. Nikisema nakatwa ulimi, nisiposema namvunja baba. Siku nne mfululizo sikula chakula kikashuka.

Wokovu niliuona mwenyewe, kwa akili zangu za miaka kumi. Bibi Kalunde anakata ulimi wa anayesema. Nikisoma kwa sauti ya Mwalimu Rehema, neno kwa neno, bila kuteleza hata mara moja, basi anayesema si mimi. Kama ni kukata, atakata wa mwalimu. Nilimwonea huruma mwalimu kidogo, lakini si sana. Nikafanya mazoezi mpaka nikaacha kabisa kujisikia mwenyewe ndani ya ile sauti.

Siku yenyewe kulikuwa na turubai, viti vya plastiki vya rangi mbili, na spika iliyokuwa ikilia kila mtu akiisogelea. Baba alikuwa mstari wa pili. Hajawahi kukaa mstari wa pili. Alikuwa amevaa shati la Idi. Nilipoitwa, nikapanda kwenye jukwaa la meza mbili zilizounganishwa, nikaangalia mbele, na nikamwona Bibi Kalunde. Alikuwa ametoka kwenye masufuria ili asikie, amesimama kando ya wanawake wenzake, kanga imefungwa kiunoni. Kisu kilikuwa mkononi. Kile kile, chenye mpini wa mpira.

Hata hivyo sauti ya Mwalimu Rehema ikatoka. "Nduuugu mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti wa kamati ya shule, walimu, wazazi, wageni waalikwa." Watu wakatulia. Niliona baba amekunja mikono, kidevu juu. Nikamaliza ukurasa wa kwanza. Nikageuza karatasi. Nikaanza kuamini kwamba nitapona.

Bibi Kalunde akapaza sauti kutoka kule pembeni.

"Simamisheni kwanza."

Watu wakageuka. Wengine wakaanza kucheka kabla hajasema lolote, maana walimjua.

"Mimi mtani wake, nina haki," akasema, anakuja mbele huku anaelekeza kisu kwenye jukwaa. "Huyo anayesema pale ni Mwalimu Rehema. Mwalimu Rehema tunamsikia kila siku. Kasuku wangu yuko wapi? Kasuku, lete ulimi wako hapa."

Turubai zima lilicheka. Mgeni rasmi alicheka akapiga paja. Mwalimu Rehema mwenyewe alificha uso kwa daftari, mabega yanatikisika. Nami nikamtafuta baba, kwa sababu nilijua atasimama, atamzuia, na nikamwona anacheka. Baba, ambaye hakucheka hovyo, alikuwa amefungua mdomo wote anacheka, wakati mtu anakuja na kisu kukata ulimi wa mwanawe kama alivyokata wa baba yake.

Mkojo ulinitoka. Nilisikia joto linashuka mpaka kwenye soksi nyeupe nilizoazimwa na dada. Karatasi ilianguka. Nikaruka kutoka kwenye meza, nikakimbia na mkono mdomoni, nikapita nyuma ya vyoo, nikashuka bondeni.

Baba alinikuta jioni, nimejikunyata nyuma ya tanuri lake la mkaa. Hakuuliza. Alinibeba mgongoni mpaka nyumbani, na nilisikia anavyopumua. Sijui alidhani nini. Pengine alidhani nimeona haya kwa kutaniwa, au kwamba nyumba yetu imekwisha kabisa kwa watu wa kusema. Nilitaka kumweleza lakini mdomo haukufunguka. Haukufunguka siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Nilikunywa uji kwa kufunua midomo kidogo tu upande mmoja.

Siku ya nne bibi yangu alivaa kanga akaondoka, na aliporudi alikuwa na Bibi Kalunde. Safari hii mtani hakuanza kupiga kelele tangu kwenye mikorosho. Aliingia kimya, amebeba ungo, na ndani ya ungo ile kamba imekunjwa duara. Nikajua ndimi zimeletwa, na mahali pa wangu pameachwa. Nikamng'ang'ania bibi mguu kwa mikono yote miwili.

"Mtoto anaogopa nini?" Bibi Kalunde akauliza.

Nikaionyesha ile kamba.

Bibi yangu alianza kucheka, kama kawaida yake, kisha akanisikia ninavyotetemeka kwenye mguu wake na kicheko kikakatika. "Kalunde," akasema, "ulimwambia ni ndimi."

"Nilimwambia lini?"

"Zamani. Alikuwa hata shule hajaanza. Alikuja kuniuliza, na mimi nikamjibu ndiyo."

Bibi Kalunde alikuwa amesahau. Miaka minne niliyokuwa nakagua ulimi kwenye kioo, yeye hakukumbuka hata kwamba alisema. Alikaa mkekani polepole, akaweka ungo katikati yetu. Akachomoa kimoja kwenye kamba, akakitia mdomoni, akakitafuna huku ananiangalia.

"Ni mabibo, mjukuu wangu. Nayapasua, nayakausha kwenye moshi. Nyinyi Wazaramo mnachukua korosho mnayamwaga, mimi roho inaniuma." Hata pale hakuweza kujizuia. Akanipa kimoja. "Kula."

Nilikishika. Kilikuwa kigumu na kinanata. Bibi yangu naye akachukua chake akala. Nikakitia mdomoni nimefumba macho. Kwanza nilisikia moshi, halafu utamu, halafu ule ukakasi wa bibo unaoushika ulimi na kuukaza, na nikajua kwa hakika, kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, kwamba ulimi wangu upo.

"Kwa nini ulinisimamisha?" nikamuuliza. Sauti ilitoka nyembamba, inakwaruza.

"Nilitaka wakusikie wewe. Ulikuwa unaazima sauti ya mtu, na ya kwako ninayo masikioni tangu huna meno." Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa utani. "Nikifa, watu wa kunitania ni nyinyi. Bibi yako mzee, atatangulia. Utakuja wewe. Na ukinitania kwa sauti ya kuazima, Kasuku, nafufuka pale pale."

Ningependa kukuambia kwamba nilipona. Nilikuwa nimejua ukweli, lakini mwili haukujua. Sikusimama tena mbele ya watu mpaka namaliza shule. Kwenye chuo cha uuguzi nilipopangiwa kuwasilisha kazi ya kikundi, nilikuwa naandaa yote mimi na kumpa mwenzangu asome. Sasa kazi yangu yenyewe inanitaka kila Jumanne nisimame mbele ya kina mama wajawazito niwape elimu ya kliniki. Unajua ninavyofanya? Navuta, napandisha. "Nduuugu zangu kina mama." Mwalimu Rehema nimehama naye kutoka Masaki mpaka Kibaha. Kina mama wanaangalia simu, wengine wanasinzia. Siku moja mmoja alinifuata koridoni baada ya kipindi. "Dada," akasema, "yale uliyokuwa unasema kule mbele, hebu niambie sasa." Nikamwambia, tumeegemea ukuta, na alielewa yote kwa dakika tano. Nilirudi ofisini nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Kila nilipokwenda Masaki nilimpitia Bibi Kalunde. Sukari kilo, sabuni mche. Aliuliza, "Bado unaazima?" Nikacheka, nikaaga. Alinitania miaka yote hiyo, kuhusu unene wangu, mume wangu, viatu vyangu, na mimi sikumjibu utani hata siku moja. Shikamoo na marahaba, basi. Jambo hilo ndilo lililoniumiza nilipopigiwa simu na kaka yangu kwamba amefariki.

Nilifika kabla ya adhuhuri. Nyumba ni ile ile, jiko ni lile lile. Wanawake walikuwa ndani, wanaume chini ya turubai. Mwili ulishaoshwa na kukafiniwa, jeneza lipo sebuleni. Nilikaa karibu na ukuta na kusubiri utani uanze, maana nilijua utaanza tu. Haukuanza. Bibi yangu alishakufa, wenzake wote waliokuwa wakitupiana maneno na marehemu walishakufa, na vijana walikuwa wanajibu meseji. Wanaume wakaingia kulichukua jeneza. Palikuwa kimya, kimya cha watu wenye haraka.

Mwanaidi akainua uso. "Watani wa mama wako wapi?" akasema. "Atatoka hivi hivi?" Macho yake yakanifikia. "Mama alisema Kasuku atakuja."

Nikasimama. Niliogopa kuliko siku ya mahafali. Siku ile nilimwogopa aliyeshika kisu, na safari hii hakukuwa na kisu, kulikuwa na wanawake arobaini wanaoniangalia na mtu mmoja aliyelala ndani ya jeneza ananisubiri nimtanie kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nikafungua mdomo.

"Nduuugu waombolezaji," nikasema.

Nikaisikia. Wanaume nao waliisikia, wakadhani ni salamu za rambirambi, wakainamisha vichwa kwa heshima na kuanza kuinua. Jeneza likapanda mabegani. Hatua tatu tu lingekuwa nje, na Bibi Kalunde angezikwa kama mtu asiye na watu, nami nimesimama pale navuta na kupandisha.

Nilikimbia. Niliwapita, nikafika mlangoni, nikakaa kizingitini na miguu nimeinyoosha, mwanamke mzima na hijabu yangu ya kazini.

"Hatoki mtu," nikasema. Sauti ilikatika katikati. Ilikuwa ndogo, ya Masaki, sauti ya mtoto asiye na meno, na sikuwa na nyingine. "Tangu lini mpagazi akabebwa? Mshusheni atembee kwa miguu yake, kazi ya kubeba ni ya kwao."

Mzee mmoja aliyeshika mbele akaguna, kisha akacheka. Wanawake nyuma wakapokea. Jeneza likasimama.

"Na kabla hajatoka anirudishie ulimi wangu. Alinikata nikiwa na miaka kumi, mbele ya mgeni rasmi, baba yangu anacheka. Kakaa nao miaka yote hii, anautunza kwenye moshi. Leo siondoki hapa bila huo ulimi. Mwambieni Mnyamwezi wenu, Kasuku amekuja mwenyewe."

Walikuwa wanacheka sebuleni, wanacheka chini ya turubai, kijana mmoja akaniuliza kama niko sawa, na mimi machozi yalikuwa yananidondoka kwenye mapaja nisijue ni ya nini. Mwanaidi alinyanyuka akaenda jikoni. Nilimsikia anavuta kigoda. Alirudi na bibo moja kavu, la mwisho wa kamba, lile kubwa, akaniwekea kwenye kiganja.

"Huu hapa," akasema. "Alikuwa hataki uguswe."

Nikautia mdomoni, nikautafuna mbele yao wote mpaka ukakasi ukanishika. Kisha nikanyanyuka, nikasogea kando ya mlango, wakapita naye.